Saa Tatu kwa Moja

Shule ilikuwa kwenye orofa ya pili ya jengo la kukodi, hatua chache kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu, na chini yake palikuwa na duka la magodoro. Tulifundisha muziki, uchoraji na maigizo kwa kiwango cha diploma. Waliomaliza walitawanyika: huyu kwenye bendi ya hoteli, yule shule ya msingi ya binafsi, mwingine kuchora matatu. Mimi nilikuwa karani wa taaluma, yaani mtu wa kupiga chapa, kutafuta faili zilizopotea na kuwakimbiza walimu walete alama.

Ndipo mkurugenzi wetu akaamua kwamba tutatoa digrii.

Hakukurupuka. Alikuwa ameisoma Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kifungu kwa kifungu, na ngazi zake alizijua kwa moyo. Unapeleka ombi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, unakaguliwa, ukionekana unafaa unapewa barua ya mamlaka ya muda, kisha unalelewa chini ya macho yao hadi siku utakayopewa hati rasmi kutoka kwa Rais. Alipenda kututajia Chuo Kikuu cha Baraton kule Nandi, kilichopata hati yake 1991, na kile cha Kabarak, Nakuru, 2008. Ukimwambia Kisumu si mji wa sanaa, alikujibu kwamba Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda, aliandaa tamasha la sanaa papa hapa mwaka 1968, na mji uliomtosha Okot hauwezi kutushinda sisi. Tulikubali sote, ingawa tamasha haliulizwi maktaba yake iko wapi.

Makaratasi ya ombi yangejaza gunia la omena. Mpango wa fedha, muundo wa uongozi, wahadhiri na vyeti vyao, orodha ya vitabu, hati ya shamba, na mtaala wa kila somo. Wakubwa waligawana yenye heshima. Mimi nikaangukiwa na mtaala wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, kwa sababu mwalimu wake alikataa kuuandika.

Tulimwita Jaduong', kama anavyoitwa mzee yeyote anayestahili. Kuandika alijua, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Alisema tu kwamba kazi yake haiandikwi. Nami ni mtoto wa mtaa wa Kaloleni hapa hapa mjini, nimekulia kwenye maulidi na taarabu, nyatiti nilikuwa nikiisikia redioni au msiba ukiwa jirani. Labda ndiyo maana alinivumilia: hakunishuku kuwa najua.

Basi tukakaa kibarazani. Yeye kwenye kigoda chake kifupi, ala imelazwa mbele yake, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile inayogonga ubao na kushika mdundo. Mimi na kompyuta mapajani.

“Wiki ya kwanza unafundisha nini, Jaduong'?”

“Kukaa.”

“Na wiki ya pili?”

“Kukaa.”

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba asiyejua kukaa, mguu wake huchelewa; mguu ukichelewa, vidole vinaukimbia; na vidole vikikimbia, maneno hayana pa kushika. Mpigaji wa nyatiti ni ngoma, ni nyuzi na ni mwimbaji kwa wakati mmoja, na vyote vitatu vinatoka kwenye kiuno kilichotulia. Nikaandika: “Wiki ya 1 na ya 2: mkao wa mpigaji na uratibu wa mwili.” Nikamsomea. Akasema ni kirefu lakini ni kweli.

Tukaenda hivyo mchana mzima. Kuwamba ngozi. Kufunga nyuzi nane. Kuzilinganisha, na hapo tukakwama, maana yeye hakuzilinganisha kwa piano wala kwa kitu chochote isipokuwa sauti yake ya siku hiyo. Akiwa na mafua, nyatiti nayo inashuka. Kujisifu, kwa sababu mpigaji asiyeweza kujitaja na kutaja ukoo wake kwa mapana si mpigaji, ni fundi tu. Kumsifu mwenye shughuli. Kumsoma mtu anayekuja na noti ya pesa mkononi, ujue anataka kusikia nini kuhusu marehemu.

“Mwanafunzi anafuzu lini?”

“Akiitwa matangani na watu ambao si jamaa zake.”

Nikaandika: “Tathmini ya mwisho: onyesho mbele ya hadhira huru.” Nimepiga chapa mitaala mingi tangu hapo, na hadi leo naona ule ndio uliokuwa na maana kupita yote.

Shida ikaja kwenye saa. Kanuni tulizopewa zilitaka kila somo lihesabiwe kwa saa za kufundishwa, na saa hazilingani. Saa moja ya mhadhara ni saa moja. Mazoezi ya vitendo, saa tatu ndizo zinazohesabiwa kuwa moja. Nikamweleza.

Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo mtu akizungumza juu ya nyatiti saa moja, mimi niipige tatu ndipo tulingane?”

“Ndiyo, Jaduong'.”

“Na kama huyo anayezungumza hajui kuipiga?”

“Bado ni saa moja.”

Akacheka mpaka njuga zikalia. Kisha akauliza kama atalipwa kwa ile moja au kwa zile tatu. Swali hilo nililipeleka kwa mhasibu, ambaye hakucheka.

Kanuni yenyewe si ya kipuuzi, niseme ukweli. Baada ya mhadhara mwanafunzi anatarajiwa aende akajisomee, lakini aliye kwenye mazoezi tayari anajisomea mle mle. Ni hesabu ya haki kwa maabara. Kwa mzee anayemshika mwanafunzi kiuno na kumrudisha mkao kila dakika, ilikuwa hesabu ya ajabu.

Wakaguzi walifika asubuhi ya joto kali. Kiongozi wao alikuwa profesa, mama mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani. Tulianzia maktaba. Wiki iliyopita rafu zilikuwa na mapengo, na mkurugenzi alikuwa amezijaza kwa vitabu vya mitumba kutoka sokoni, vya kupimwa kwa urefu zaidi ya yaliyomo. Profesa akachomoa kimoja: ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

“Hiki ni cha idara gani?”

“Uchoraji,” mkurugenzi akajibu bila kupepesa. “Wanachora wanyama.”

Akakirudisha taratibu na kuandika kitu. Chumba cha kurekodia tulikuwa tumekibandika trei za mayai ukutani, na kwa kweli kilinyonya sauti vizuri, ila mafundi wa jua kali nyuma ya jengo hawakuwa wameambiwa kuna wageni. Msumeno wa chuma ukapita katikati ya maelezo. Kwenye hati ya shamba tulitoa risiti za kodi ya jengo. Hayo yalipita haraka, na kila mtu alijua yamekwendaje.

Tulichokaa nacho ni darasa la nyatiti. Jaduong' alikuja na cheti chake cha darasa la saba ndani ya nailoni, maana aliambiwa alete vyeti. Profesa alikisoma chote, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akaomba kusikiliza. Mwanafunzi akapiga, na alipomaliza mama yule akamuuliza kwa nini aliulegeza uzi mmoja katikati ya wimbo. Kijana akaeleza. Hapo nilijua huyu mgeni ana masikio.

Ndipo akamgeukia mkuu wetu wa idara ya muziki, aliyekuwa na shahada ya uzamili.

“Mzee huyu akisafiri kesho asirudi, nani atasema kijana huyu amefuzu?”

Mkuu wa idara akatazama sakafu. Alikuwa mwanafunzi wa Jaduong' tangu utotoni. Mbele yake hata kiti kirefu hakukalia.

“Watu wa matangani,” Jaduong' akajibu kwa niaba yake.

“Nawakubali, Mzee. Lakini nitawaandika wapi?”

Wenzangu waliichukulia kama dharau na waliizungumzia kwa hasira mwezi mzima. Mimi sikuona hivyo. Waliomsikia kijana hawahitaji karatasi. Digrii huandikiwa mtu wa mbali, mwajiri wa Mombasa au wa Kigali asiyejua Jaduong' ni nani wala kiuno kilichotulia kinafananaje, na huyo ni lazima apewe kitu cha kushika. Profesa alikuwa akimtetea mtu ambaye hakuwepo chumbani. Akapendekeza Jaduong' aajiriwe kama msanii mkaazi, afundishe kama kawaida, na mwenye uzamili atie sahihi alama.

“Atatia,” Jaduong' akasema. “Mimi nitamwambia aandike ngapi.”

Tulicheka wote, wakaguzi pia, na kalamu ya profesa haikusimama.

Ripoti ilikuja miezi baadaye. Ardhi haitoshi, maktaba haitoshi, wahadhiri wenye shahada za juu hawatoshi, fedha za akiba hazitoshi. Kuhusu mtaala wa nyatiti kulikuwa na sentensi moja: umepangwa vizuri, uongezewe orodha ya marejeo. Bodi ilibishana, mkurugenzi akataka tukate rufaa, kisha akahesabu bei ya ekari karibu na mji na akatulia. Ombi liliondolewa. Tukabaki na diploma, tukaisajili upya kwa mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyoanzishwa na sheria ya 2013, na kwa kuwa mtaala ulikuwa tayari umeandikwa, tukautumia ulivyo.

Mhasibu naye alilegea hatimaye. Alikubali Jaduong' alipwe saa zote tatu, si moja, ila akataka kuzifuta zile wiki mbili za mwanzo, kwa hoja kwamba kukaa si kufundisha. Jaduong' akapanda ofisini kwake, akamwomba asimame, akamwambia sasa akae. Alimrekebisha mgongo, akamrekebisha miguu, akamwambia asimame tena. Nilipopita mlangoni adhuhuri, bado walikuwa wakiendelea.