Siku Moja Maishani Mwangu: Mbao ya Nne Isiyofika Nne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje ni nyuzi sita chini ya sifuri, na Novemba hata haijafika katikati. Nakunywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, navaa suruali mbili, naenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nyumbani Tanga ukimwambia mtu wewe ni seremala atakuuliza bei ya kitanda. Hapa Minnesota kazi yangu ni kusimamisha mifupa ya nyumba, kuta za mbao tupu ambazo baada ya wiki chache zinafunikwa jipsamu, na hakuna atakayeziona tena mpaka nyumba ibomolewe.

Saa moja tuko saiti, mimi na kijana mmoja wa Bukavu, Kongo, anayeniita "muzee" ingawa sina hata mvi. Msimamizi leo yuko saiti nyingine. Mpaka saa tatu tumeshakata, tumepigilia na kusimamisha ukuta wa nje wa kaskazini, mbao za mbili kwa sita, nguzo kila baada ya inchi 16.

Hapa lazima nieleze kitu, maana siku nzima iliharibikia hapo. Mbao ya mbili kwa nne haina inchi mbili wala nne. Ikishakaushwa na kupigwa randa inabaki moja na nusu kwa tatu na nusu. Ya mbili kwa sita ni moja na nusu kwa tano na nusu. Aliyewahi kupaua kwa mbao za Mafinga kule Tanzania anajua kwamba kule ikipungua nusu inchi unagombana na muuzaji. Huku upungufu huo ndio kipimo rasmi.

Ukuta wa nje tunautengeneza wa sita, yaani wa mbao za mbili kwa sita, kwa ajili ya baridi. Katikati ya nguzo inajazwa pamba ya kioo, na nguvu yake ya kuzuia baridi inahesabiwa kwa herufi R. Ukuta wa nne unameza pamba ya R-13 au R-15, wa sita unafika R-21. Wapo wanaodhani wataishindilia pamba nene kwenye ukuta mwembamba wapate yote mawili. Pamba inazuia baridi kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Ukiibana, inakuwa kama godoro la sufi lililolaliwa miaka kumi.

Saa tatu na nusu akaja mwenye nyumba, kahawa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akaenda moja kwa moja kwenye alama zangu za chaki kati ya jiko na stoo.

"Huu mbona wa sita? Ramani inasema nne. Makabati ya jikoni nimeshaagiza."

Ni kweli, ramani ilisema nne. Ila aliyechora ramani aliweka choo cha ghorofani juu ya ukuta huo huo, na bomba la choo ni la inchi tatu, linashuka humo humo. Nikamwambia. Akacheka kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu.

"Bomba tatu, mbao nne. Inabaki inchi nzima."

Nikaenda kwenye gari nikachukua kipande cha bomba. Tatu ni upana wa ndani. Kwa nje bomba hilo la plastiki ni tatu na nusu kamili. Nikaliweka juu ya kipande cha mbao ya nne aone mwenyewe, viko sawasawa, huku na huku.

"Si unaona?" akasema, uso umemchangamka. "Linaenea!"

Jamani.

Nikapiga magoti pale sakafuni kwenye baridi, nikaanza upya. Bomba likishuka lazima litoboe mbao ya juu na ya chini ya ukuta. Tundu la tatu na nusu kwenye mbao ya tatu na nusu linaikata vipande viwili. Ukuta huu umebeba sakafu ya ghorofani. Halafu kwenye maungio bomba linanenepa hadi karibu inchi nne, jipsamu itatokeza tumbo. Tuusogeze upande wa stoo inchi mbili, jiko lisiguswe. Akasema stoo kuna friza anakuja nalo. Akasema tukate kidogo tu. Akasema nyumba ya baba yake ilikuwa ya nne tupu na bado imesimama. Akaniuliza mkubwa wangu ni nani.

Msimamizi hakupokea simu. Fundi bomba hakupokea simu. Yule kijana alishafagia mahali palipokuwa safi, akafagia tena.

"Muzee, tungoje ao tuendelee?"

Tungoje. Bila ukuta ule hatuwezi kupandisha mbao za sakafu ya juu. Tukakaa hivyo saa nzima na zaidi, kompresa inanguruma bure.

Kilichomshinda hatimaye kilinijia nikiwa nimeshachoka kubishana. Nikamuuliza meza ya chakula itakaa wapi. Akanionyesha, hatua tatu kutoka pale. Nikamwambia bomba la plastiki lina kelele. Mtu akivuta maji juu, wageni wako mezani watayasikia yakishuka. Kwenye ukuta wa sita tunapata nafasi ya kulizungushia pamba. Akanyamaza. Akatoa futi kamba mfukoni, mara yake ya kwanza kupima kitu asubuhi ile, akatafuta vipimo vya friza kwenye simu. Likaenea, na inchi moja ikabaki.

Saa sita na nusu, Tanga ni saa tatu na nusu usiku, mama akapiga nikiwa nakula wali wa jana ndani ya gari.

"Mwanangu, nyumba ya mbao mwizi si anaitoboa tu?"

"Mama, huku anayetoboa ni fundi bomba."

Si utani sana. Nguzo iliyobeba mzigo, bila kuongezewa ya pili, hairuhusiwi kutobolewa zaidi ya asilimia 40 ya upana wake. Kwa mbao ya nne hiyo ni inchi moja na pointi nne, hata bomba la inchi mbili halipiti. Nimeshaona ukuta wangu umeliwa kama hindi la kuchoma.

Mchana wote tulikuwa tunafidia asubuhi. Chini ya dirisha la jikoni fundi bomba alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mabomba ya sinki yapande ndani ya ukuta wa nje. Ukuta ule ule wa kaskazini! Bomba linachukua nafasi ya pamba, linakaa karibu na baridi, Januari linaganda na kupasuka. Nikachora mshale, yapitie sakafuni yaingie kabatini. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Nakumbuka vidole vilikuwa havisikii msumari, na jua lilikuwa limezama kabla ya saa kumi na moja, tukamalizia ukuta wa stoo kwa taa.

Nimeoga, bado natoa vumbi la mbao masikioni. Saa mbili usiku simu ikalia. Fundi bomba, ujumbe mmoja.

"Ukuta wa stoo ni sita?"

"Sita."

Akanitumia kidole gumba.