Nilivyoipima redio ya nchi rafiki badala ya kusaini tu

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kazini ni huu: jeshi la nchi rafiki linaitumia, sisi tupime nini tena? Nilikuwa nimekabidhiwa redio ya upepo ya askari wa miguu, nikaambiwa nipitie makaratasi, nisaini, kazi iendelee. Kila niliyebishana naye alinitajia mzinga wa Rheinmetall, kampuni ya silaha ya Ujerumani. Ni kweli, Marekani iliuchukua mzinga huo wa Kijerumani wa milimita 120, ikaufunga kwenye vifaru vya M1A1, vilivyoanza kuundwa 1985, badala ya ule wa milimita 105. Wasichosema ni kwamba hawakuuchukua ulivyo. Mfumo wa kupokea mshindo mzinga unaporudi nyuma ukifyatuliwa waliusanifu upya wakatumia springi, na toleo lao likaitwa M256.

Makaratasi yenyewe yalipendeza. Yaliandikwa kwa herufi kubwa kwamba redio imefaulu MIL-STD-810. Sasa, MIL-STD-810 ni kiwango cha jeshi la Marekani, tena ni kapu zima la vipimo: joto, baridi, vumbi, mvua, mtikisiko, kuanguka. Mpimaji ndiye anayechagua kipi na kwa ukali gani. Kwa hiyo mtu akikwambia "imefaulu", muulize imefaulu nini.

Mimi nilikimbilia kuanguka. Kwa kifaa anachobeba askari, kinaangushwa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122, juu ya plaiwudi iliyolazwa kwenye zege. Hiyo 26 ina hesabu yake: sanduku lina nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, na kila mahali pana zamu yake ya kutua. Ujanja uko hapa: kanuni zinaruhusu maangusho hayo yagawanywe kwa vifaa hadi vitano. Nikamwandikia mhandisi wa kiwanda swali la mstari mmoja, mliangusha redio ngapi? Jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa na aya tatu za shukrani, neno "tano" limefichwa katikati.

Basi nikachukua redio moja, nikaiangusha mara zote 26 mhandisi akiwa amesimama pale. Haki yake niipe, redio haikupasuka. Iliyoniudhi ni betri. Kila pembe ya chini ilipotangulia, klipu yake ililegea kidogo, mpaka ikaachia kabisa, betri ikateleza sakafuni na redio ikazima. Mhandisi akasema hakuna askari anayeangusha redio mara 26. Sajini aliyekuwa ananisaidia alicheka mpaka akatoka nje.

Tukahamia chumba cha giza. Askari wakavaa glovu nene, kitabu cha maelekezo nikakikalia mimi mwenyewe, nikawaambia wabadilishe chaneli. Nusu yao walizima redio, maana vitufe viwili vilikaa bega kwa bega na vinalingana umbo. Hilo halimo kwenye cheti chochote. Kwenye gari la deraya niliipima huku mitambo mingine yote ikiwa imewashwa, nione kama itaiingilia. Usikubali kamwe kuipima peke yake mezani, mezani kila redio ni nzuri.

Wakubwa walilalamika kwamba nawachelewesha. Nikawakumbusha lile kombora la Norwei, Naval Strike Missile: Wamarekani walilirusha kwa majaribio kutoka meli yao ya kivita USS Coronado mwaka 2014, mkataba wa kulinunua ukaja 2018. Na wale wana haraka kuliko sisi. Sampuli nilizoharibu zilikuwa tone tu la fedha za mkataba mzima.

Mwishowe kiwanda kilibadilisha klipu, kikatenganisha vitufe, tukanunua, na nikasaini kwa kalamu yangu mwenyewe bila mkono kutetemeka. Sampuli lakini usipokee zile alizokuchagulia muuzaji, nenda ghalani kwake uokote mwenyewe. Betri za akiba ziandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na nani mwingine anayeruhusiwa kuzitengeneza, kwa sababu kiwanda kikishajua huna pa kwenda, bei ya betri itapanda hata kama urafiki wa nchi hizi mbili ni wa kufa na kuzikana.