Kabla ya kupaka ukuta wa "Kabla sijafa"

Mwaka 2011 msanii Candy Chang alipaka rangi ya ubao wa chaki kwenye ubavu wa nyumba iliyotelekezwa mjini New Orleans, Marekani, akaandika kwa stensili (bamba lililokatwa matundu ya herufi) "Kabla sijafa nataka" mstari baada ya mstari, akaacha nafasi na chaki. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa. Tangu hapo wazo hilo limeigwa katika zaidi ya nchi 70, na si ajabu, maana vifaa ni vichache na kazi inaisha kwa siku chache. Lakini wengi huiga rangi, wakalichukua swali kama lilivyo bila kujiuliza linazaa nini.

"Kabla sijafa nataka" huzaa safari, gari, nyumba na watoto wanne. Ni majibu mazuri, ila yote yanahusu kuishi. Kifo chenyewe kinabaki mlangoni. Kama lengo ni watu waongee kuhusu kufa, sentensi ndiyo inayopaswa kuwaingiza ndani, na Kiswahili kinatusaidia kwa jinsi ambayo lugha nyingi hazina. Andika "Nikifa, msi" halafu acha mstari wazi. Kiambishi kile kinaning'inia, na mtu hawezi kukiacha hewani: msilie, msigombane, msigombanie nyumba, msiwafiche watoto. Kila jibu ni wosia mdogo, na anayelisoma humgeukia aliye naye na kumuuliza, "Wewe je?" Sentensi nyingine inayofanya kazi ni "Siku zangu zikibaki chache, nataka karibu yangu awe". Hiyo huleta majina ya watu, kwa hiyo jiandae kwa vilio.

Neno lenyewe nalo lipimwe. Lugha yetu ina staha nyingi: kufariki, kuaga dunia, kutangulia. Staha hizo ni za kumsemea mwingine. Mtu akijisemea mwenyewe, "nikifa" ndilo neno linalotoka bila kujikaza. Kwenye korido ya hospitali, ambako msomaji ameacha mgonjwa ndani, lipunguze makali liwe "nikiondoka". Palipo na watoto usifanye hivyo. Ukiwaambia habari ya kuondoka watakuuliza unakwenda wapi, tena watakuwa na haki.

Sasa ubao. Plaiwudi ya unene wa milimita 12, sentimita 244 kwa 122, inatosha na inahamishika, tofauti na ukuta wa mtu ambao lazima uwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo, yenye tarehe ya kuanza na ya kufuta. Piga msasa, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya ubao mara mbili kwa rola ya sponji. Brashi huacha mifereji, na chaki ikiingia humo haitoki. Uache ukauke siku 3. Halafu laza kipande cha chaki kwa ubavu wake, sugua uso mzima mpaka uwe mweupe, ufute kwa kitambaa kikavu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na adhabu yake ni kwamba maandishi ya kwanza hubaki kama kivuli hata baada ya kuoshwa. Fikiria jina la marehemu linalogoma kufutika.

Stensili ishikwe bapa kabisa, rangi ipulizwe kutoka sentimita 25 hadi 30 kwa mipulizo mifupi. Ukikaribia zaidi, rangi hupenya chini ya kingo na herufi huota ndevu. Kichwa kikubwa juu, mistari chini yake, na ukingo wa chini wa ubao uwe kama sentimita 50 kutoka ardhini ili aliye kwenye kiti cha magurudumu na mtoto wafikie mistari ya chini.

Kosa linalofuata ni la vipimo. Herufi ya chaki ya mtu wa kawaida, pamoja na nafasi yake, hula sentimita 3 au zaidi. "Kumwomba mama msamaha" ni herufi 19 bila nafasi kati ya maneno, yaani karibu sentimita 65. Mipangilio iliyochukuliwa kutoka lugha ya maneno mafupi huacha sentimita 35 tu, watu wakaanza kuandika wima pembeni au wakakata tamaa. Gawa ubao safu mbili tu, mistari iachane sentimita 11 au 12. Utapata mistari 16 hivi kwa ubao mmoja. Afadhali mistari 16 inayotosha kuliko 40 inayobana. Chaki ziwe nene, kwenye kikapu kilichofungwa, na ziada iwekwe mahali pakavu. Chaki iliyolowa haiandiki.

Usifungue ubao ukiwa mtupu. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuandika kuhusu kufa kwake mbele za watu. Waombe watu watatu au wanne wa umri tofauti waandike majibu yao ya kweli kabla ya ufunguzi. Majibu ya kubuni yanajulikana. Yana adabu mno.

Awepo mtu zamu yote. Kazi yake si kulinda chaki. Kuna siku mtu ataandika kwamba hataki kuishi. Kufuta na kunyamaza ni kumfukuza. Anayesimamia amsogelee, ampeleke pembeni, amuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Namba ya simu ya msaada iwe mfukoni, na iwe imepigwa kabla ya siku ya kwanza kuhakikisha inapokelewa. Sentensi ya asiyetaka kuishi isipigwe picha. Matusi na majina ya walio hai wanaotuhumiwa yafutwe bila mjadala.

Hata hivyo ukuta una kikomo chake: mtu huandika maneno manne na kuondoka. Mazungumzo marefu yanataka viti, au kitambaa. Shuka la viraka la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington tarehe 11 Oktoba 1987 likiwa na vipande 1,920, lilitumia kipande cha takriban sentimita 90 kwa 180, kipimo cha kaburi. Kwa meza ya watu 6 hadi 8 wanaoshona shuka kama hilo, kila mmoja kiraka chake, punguza hadi sentimita 30 kwa 30, pamba iliyofuliwa na kunyooshwa, upindo wa sentimita 2 kila upande. Bila kufua kwanza, viraka husinyaa kwa viwango tofauti na shuka hukunjamana. Mikono ikiwa kwenye sindano macho huwa chini, na mtu aliye macho chini husema asiyoweza kuyasema akitazamwa. Mwezeshaji azungumze kidogo, asiharakishe kuvunja kimya, asiuze bima wala dini. Dakika 90 zinatosha, zikiwemo 15 za mwisho za kunywa kitu na kurudi kwenye hali ya kawaida. Ukizikata, watu huondoka na jeraha lililo wazi.

Kabla ya kazi kuanza, amueni shuka litakaa wapi na nani ana haki ya kudai kiraka chake. Ubao nao uondolewe siku iliyotangazwa. Ukiachwa bila msimamizi hujaa namba za simu na matangazo ndani ya wiki. Asubuhi ya kuufuta, simama sawa na katikati yake, jua likiwa halijaupiga, piga picha mstari kwa mstari. Ficha majina kabla ya kuzionyesha popote. Kisha sponji na maji, ukianzia chini kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu michirizi hushuka juu ya chaki kavu na kuacha njia zisizotoka.