Waipa za msimu wa baridi: angalia fremu kwanza, raba baadae

Watu wengi wakienda kununua waipa za gari wanauliza raba tu, raba ikoje, itadumu? Ni swali zuri ila kwenye theluji kinachoanza kukuangusha ni fremu, yaani kile kiunzi kinachoshika raba, na mi naona hilo halisemwi vya kutosha wakati ndo linaloamua kama utaona barabara au hutaona.

Iko hivi. Waipa ya kawaida ile ya vyuma ina viungio kadhaa, kazi yake ni kugawa ule mgandamizo wa springi ya mkono wa waipa ili raba yote iguse kioo, maana kioo cha mbele kimepinda na waipa lazima ikifuate. Sasa theluji inaingia humo, inayeyuka kidogo kwa joto la kioo, halafu inaganda tena na viungio vinakakamaa, kuanzia hapo waipa imekuwa fimbo tu, kuna sehemu inafuta na sehemu inaruka inaacha maji, na mara nyingi ni palepale mbele ya macho yako. Hata uwe na raba nzuri kiasi gani haikusaidii kitu.

Kwa hiyo tafuta waipa ambayo barafu haina pa kuingia. Kuna zile za baridi hasa, ambazo fremu yake imevalishwa raba nzima kama soksi, na kuna zile bapa zisizo na fremu kabisa, ndani zina utepe wa chuma cha springi uliopindwa tangu kiwandani. Mi naegemea bapa. Haina kiungio hata kimoja, imelala chini kwa hiyo upepo hauiinui kirahisi ukiwa kasi, na unaweza kuiacha mwaka mzima, wakati ile ya kuvalishwa ni nzito na jua la kiangazi linakausha lile vazi mpaka linapasuka, so lazima uwe unabadilisha kila msimu. Ila kama kioo chako kimepinda sana pembeni bapa nyingine ncha zake hazigusi vizuri, hapo chukua ya kuvalishwa. Zile chotara zenye gamba la plastiki juu ni afadhali kuliko vyuma vitupu, lakini chini ziko wazi na theluji inapenya.

Raba sasa. Raba ya kawaida inakuwa ngumu kwenye baridi kali na inaanza kurukaruka kwenye kioo na kupiga kelele, ya silikoni inabaki laini na inadumu zaidi japo bei imechangamka. Gari likilala nje, silikoni inalipa. Urefu pima pande zote mbili maana ya dereva na ya abiria mara nyingi hazilingani, na angalia inavyoshika kwenye mkono kabla hujalipa.

Kingine maji ya waipa, yasiwe maji matupu, yataganda. Ya baridi yana spiriti ndani na chupa imeandikwa kiwango cha baridi yanachostahimili, nyuzi -20 au -30 hivi, na hapo chukua cha chini kuliko baridi ya kwenu, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo spiriti inaruka na upepo, maji yanabaki peke yake kwenye kioo na yanaganda hapohapo mbele yako. Hiyo ni hatari kweli.

Na jamani zima waipa kabla hujazima gari! Ukiziacha zimewashwa zikaganda usiku, asubuhi ukiwasha tu mota inavuta kitu kilichonata, fyuzi inaungua au raba inachanika. Kwangua barafu kwanza, washa hita ya kioo usubiri, na usimwage maji ya moto, kioo kinapasuka.

By the way kuna Mary Anderson wa Marekani aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) ya waipa mwaka 1903, wazo lilimjia New York wakati wa baridi akimwangalia dereva wa tramu anavyohangaika na kioo, yaani hiki kifaa kilianzia kwenye shida hiihii.

Chumvi ya barabarani nayo inanata kwenye ukingo wa raba, pangusa mara kwa mara na kitambaa chenye spiriti mpaka kisitoke cheusi. Mistari ikibaki baada ya hapo raba imekwisha, badilisha zote mbili.