Siku yangu ya kuhesabu pumzi, Kigoma

Saa 11 na nusu alfajiri. Chai ya tangawizi na muhogo, kisha bodaboda kutoka Mwanga. Upande wa ziwani wavuvi wa dagaa wanarudi Kibirizi, taa zao bado zinawaka.

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa usingizi wa upasuaji. Wengi hudhani ni sindano tu: mgonjwa akilala, nimemaliza. Kumbe kulala ni dakika chache, kinachobaki chote ni pumzi. Nakagua oksijeni, sakshen (mashine ya kufyonza mate na majimaji), na kopo la chokaa inayofyonza hewa ukaa. Punje zilizokuwa nyeupe zimegeuka zambarau, maana yake zimechoka. Naweka mpya.

Saa 3. Kijana mvuvi, upasuaji wa tumbo. Mama yake ananishika mkono mlangoni: "Sista, mwanangu atapumua mwenyewe?" Namwambia, "Atapumua, mama. Kwanza nitampumulia mimi, halafu nitamrudishia."

Kwa saa moja na nusu mashine inampumulia. Hewa ukaa kwenye monita inasoma 37; kawaida ni kati ya 35 na 45.

Saa 4 na nusu. Daktari anashona ngozi. Dawa ya kulegeza misuli nimeshaiondoa nguvu, ila kijana hapumui, kwa sababu damu yake bado haijamdai pumzi. Napunguza mashine, nangoja. 40. 44. Mwanafunzi wa fildi ananiangalia kwa hofu. 48. Tumbo linatikisika kidogo, kifua kinafuata, na mfuko wa kupumulia unanywea mkononi mwangu. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado pumzi hiyo ya kwanza hunigusa.

Kinachotokea ni hiki. Sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, inaitwa medula. Karibu na uso wake wa mbele kuna seli za neva zinazoonja tindikali. Hewa ukaa hupenya kutoka kwenye damu, hukutana na maji, na tindikali huzaliwa. Majimaji yanayouzunguka ubongo yana protini chache mno za kuizimua, hivyo hata ikiongezeka kidogo seli hizo hujua, na huwaamsha jirani zao wanaopiga mdundo wa pumzi. Mwaka 1905 wanasayansi Haldane na Priestley, kule Oxford, walionyesha kwamba hewa ukaa ikizidi kwa asilimia 0.2 tu ndani ya mapafu, upumuaji huongezeka maradufu. Oksijeni ina walinzi wake shingoni, kwenye mishipa mikubwa ya damu, lakini hao hawapigi kelele sana mpaka ishuke vya kutosha.

Saa 6 mchana. Kijana yuko chumba cha kuzindukia, na oksijeni puani. Mwanafunzi anasema, "Dada, yuko vizuri, oksijeni 98." Namwambia aweke kiganja kifuani, ahesabu dakika nzima. Anapata pumzi 6. Dawa za maumivu za jamii ya mofini huziba masikio ya zile seli: hewa ukaa inapanda, ubongo hausikii, na oksijeni tuliyompa inapendezesha namba. Tunamwita kwa jina, tunamwinua kidevu, nampa dozi ndogo ya naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini. 9. 12. Akafumbua macho akaomba maji. Hakuruhusiwa bado.

Mchana wote, wajawazito wawili. Ganzi ya mgongoni, salama.

Saa 11 jioni. Katonga, kwa dada yangu. Mwanawe na wenzake wanashindana kukaa chini ya maji, na kila mmoja anahema haraka haraka kabla ya kuzama. Nikawaita wote, maji yakiwachuruzika.

"Mama mdogo, tukihema tunakaa muda mrefu!"

"Mnakaa kwa sababu mmeifukuza hewa ukaa. Oksijeni haijaongezeka kitu cha maana. Kengele inachelewa kulia, oksijeni inaisha, unazimia chini bila hata kusikia hamu ya kupumua."

Akanyamaza, akachora mchangani kwa kidole cha mguu. "Sasa nikae mpaka lini?"

"Usiheme kabla ya kuzama. Usizame peke yako. Na kifua kikianza tu kukudai, panda juu."

Akazama. Nikahesabu kwa sauti, miguu yangu ndani ya maji, mpaka kichwa chake kikaibuka kwenye 21.