Neno Moja Kwenye PF3

Mwaka 2011 nilikuwa tabibu katika kituo kidogo cha afya wilayani Muheza, kando ya barabara inayopanda kuelekea Amani, mahali ambapo msimu wa machungwa ukifika hata uwanja wa kituo hunukia maganda. Mganga mfawidhi alikuwa ameitwa kwenye semina Tanga mjini, kwa hiyo jioni ile ya Jumamosi nilibaki na muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyeanza kazi wakati mimi bado niko shule ya msingi.

Bodaboda iliingia ikiwa na watu watatu. Wa katikati alikuwa amezungushiwa kanga kwenye mkono wa kulia, na kanga ile ilikuwa imelowa damu hata jina lake halisomeki. Muuguzi aliuliza swali ambalo kila mtumishi wa afya nchini Tanzania huliuliza mbele ya jeraha la ugomvi au la ajali: "PF3 iko wapi?" Hiyo ni fomu ya polisi ambayo majeruhi huchukua kituoni kwao, mtabibu akaijaza alichokiona mwilini, kisha ikarudi polisi na pengine kufika mahakamani. Kwa miaka mingi watu wameishi wakiamini kwamba bila fomu hiyo huguswi hata kwa pamba, ingawa mwenye hali ya dharura anapaswa kutibiwa kwanza na karatasi zifuate. Nilimwambia muuguzi itafuata, naye akaenda kuwasha jiko la kuchemshia vifaa bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa ni kukubali.

Jeraha lilikuwa la panga, juu ya kifundo cha mkono, upande wa nyuma. Nilipokwisha kulisafisha nilimwambia anyooshe vidole. Kidole gumba kilinyanyuka, kidogo cha mwisho kilinyanyuka, lakini cha shahada na cha kati vilibaki vimelala juu ya kitambaa kama si vyake. Alivitazama, akajaribu tena kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Kano zilikuwa zimekatika, na kazi ya kuziunga ilikuwa juu ya uwezo wetu. Nilichoweza ni kushona ngozi, kumchoma sindano ya pepopunda, kumfunga gango na kumwandikia rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya mkoa iliyoko Tanga mjini, asubuhi. Ni wakati nashona ndipo alipotaja aliyemkata. Wawili hao walikuwa wakigombea michungwa minne iliyo mpakani mwa mashamba yao, na mwenye panga alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba.

Jumatatu kaka wa majeruhi aliniletea fomu. Sehemu kubwa ya fomu ile ni rahisi: urefu wa jeraha, mahali lilipo, aina ya silaha inayoelekea kutumika. Ugumu uko pale unapotakiwa kusema ni madhara ya namna gani. Kanuni ya Adhabu inatofautisha madhara ya kawaida na madhara makubwa, na miongoni mwa madhara makubwa imeweka jeraha zito au la kudumu katika kiungo cha mwili. Kumsababishia mtu madhara makubwa kinyume cha sheria ni kosa la kifungo kisichozidi miaka 7, wakati shambulio la kudhuru mwili ni miaka 5. Lakini miaka haikuwa jambo lenyewe. Ugomvi mwepesi wa watu wawili mahakama inaweza kuwahimiza wasuluhishane na kulipana fidia, na kosa zito halina mlango huo. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa mkulima vilikuwa upande gani, nilijua tangu Jumamosi. Hata hivyo niliiweka ile fomu kwenye droo na kusema nitaimalizia kesho. Sikuwa na shughuli nyingine yoyote siku ile.

Jioni mjomba akaja nyumbani.

Lazima nimweleze mzee huyu. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na muhula uliofuata nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mjomba aliuza ng'ombe mmoja wa maziwa kati ya wawili aliokuwa nao, akanisindikiza mwenyewe mpaka shuleni, na risiti ya ada akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati langu. Aliendelea kulipa mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yangu, na hata jioni ile hakulitaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

Tulikaa barazani. Alizungumza habari za mvua, kisha za mama yangu, kisha akaweka kikombe chini.

"Sisemi uandike kwamba hakuumia. Ameumia, andika ameumia, basi. Hilo la makubwa na madogo waachie madaktari wa Bombo."

Nilinyamaza.

"Sisi wazee tumeshakaa. Yule atapewa michungwa yote minne na atapewa ng'ombe. Serikali ikimfunga mwanangu, yeye atapata nini? Atakula kifungo?"

Nimesoma maadili ya kazi chuoni na nimekaa semina kadhaa za mambo hayo, na sijapata kusikia hoja iliyonielemea kama hiyo ya mjomba. Hakuwa amekuja na bahasha. Alikuja na suluhu ambayo pengine ingemfaa majeruhi kuliko hukumu, na juu ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye kiti nilichonunua kwa mshahara wa elimu aliyoilipia yeye. Nilichoweza kumjibu kilikuwa kifupi mno.

"Mjomba, vidole havinyanyuki."

"Najua. Nimekwenda kumwona."

Akamaliza chai yake, akavaa kofia, akaniambia nifunge mlango vizuri kwa kuwa wezi wamezidi.

Usiku ule nilimpigia simu mfawidhi na kumwomba aijaze yeye, kwa kuwa mtuhumiwa ni ndugu yangu. Alisema hakuliona jeraha likiwa bichi, na aliyeliona ndiye anayeandika. Nilikasirika, ingawa alikuwa sahihi. Nilijaribu kumtazama mjomba kama mtu aliyetaka kunipotosha ili kazi iwe nyepesi, nikashindwa. Nilikuwa na deni kwake na bado ninalo, ila vidole vile havikuwa vyangu hata nivitumie kulilipa. Asubuhi niliitoa fomu, nikaandika madhara makubwa, nikasaini, nikagonga muhuri.

Kesi ilisikilizwa Mahakama ya Wilaya miezi kadhaa baadaye. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka hakimu amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka aliyeandika taarifa ya kitabibu aitwe ahojiwe, na binamu yangu aliitaka haki hiyo. Niliapishwa, nikaisoma PF3 kwa sauti. Hakimu aliandika kwa mkono, akiyageuza kwa Kiingereza yale tuliyosema kwa Kiswahili, kwa hiyo kila jibu lilifuatiwa na kimya cha kalamu. Binamu hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani akiwa na shati jeupe ninalolijua, la harusi yake.

"Shahidi, wewe sekondari ulilipiwa ada na nani?"

Mwendesha mashtaka alinyanyuka kupinga. Hakimu alisema swali hilo halihusiani na jeraha na kwamba sikulazimika kulijibu.

"Baba yako," nikasema.

Hakimu alinitazama kidogo, sijui kama aliliandika. Binamu hakuwa na swali jingine. Wiki kadhaa baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na kuamriwa kulipa fidia; michungwa ile bado inagombaniwa hadi leo na watu wengine kabisa.

Siku ile ya ushahidi binamu alikuwa nje kwa dhamana, na mdhamini wake alikuwa mjomba. Tulipotoka mahakamani jua lilikuwa limekwisha kuinama na stendi ilibaki na gari moja tu la kupanda upande wetu. Niliwakuta wamekwisha kukaa kiti cha nyuma: mjomba, binamu na mkewe aliyekuwa amebeba kapu lenye chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kando yao. Niliwasalimu, wakaitikia, na gari likaondoka. Karibu na daraja kondakta alianza kugonga sarafu akidai nauli, nami nikaingiza mkono mfukoni.

"Huko nyuma wangapi?"

"Wanne," mjomba akasema, akampa noti.