Chaji iliyogoma kusawazika

Wiki mbili, hapa Shangani, Mtwara, mlinganyo wangu uligoma. Nilitaka suluhisho kamili la shimo jeusi lenye chaji katika nadharia ya f(R), ambayo huweka fomula pana zaidi mahali pa mkunjo R wa Einstein. Nilichukua jibu la Reissner (1916) na Nordström (1918), lenye Q²/r² (Q ni chaji, r ni umbali kutoka kitovu), nikaongeza −R₀r²/12, R₀ ikiwa thamani moja ya R kila mahali. Hapo sikukosea: namba za ulalo katika jedwali la nishati na msukumo wa sumakuumeme zikijumlishwa hutoa sifuri, hivyo R inaweza kubaki thabiti.

Lakini kila nikihakiki, masalia yaleyale, yaani tofauti kati ya pande mbili za mlinganyo: ya sehemu ya muda na ya sehemu ya pembe yanalingana ukubwa, alama zinapingana, yote yakipungua kwa r⁴. Nikalaumu programu, bure tu.

Jioni moja umeme umekatika, nikarudia kwa penseli, vidole vyeusi kwa masizi ya korosho za kuchoma. Lo! r⁴ ni alama ya chaji, si ya tungamo. F, yaani kasi ya f kubadilika kwa R, huzidisha mkunjo lakini haigusi chaji. Nikaandika Q²/(Fr²). Masalia yakafutika.

Nikajaribu f = R + aR², a ikiwa namba isiyobadilika: R₀ ikatoka sifuri, F ikawa 1, jibu la kale likarudi lenyewe.